Bei ya kwenye telefone siyo bei ya Kasugho

Tunajua programu ya leo imejaa. Kuna watakaoongea juu ya usalama, kuna wa barabara, kuna wa maji. Sasa sisi tumeshuka kutoka Kasugho kwa pikipiki, watu watatu juu ya pikipiki moja, matope mpaka magotini, ili tuje kuwaongelesha juu ya frigo.

Ndiyo, frigo. Mwenzetu mmoja wa hapa mjini alipoona neno hilo kwenye programu akatuuliza kama Kasugho tumeshamaliza shida zote, tumebakia tu na shida ya Primus baridi. Tulicheka naye. Lakini mutupe dakika zetu ishirini. Ndani ya hiyo frigo muna doane, muna barabara, muna sheria ambayo watu hawaijui, muna kazi ambayo hatuna, na muna afya ya mtu. Sanduku lenyewe tumekuja nalo. Liko pale kwenye meza, nyuma ya mama aliyevaa kitambaa cha kijani. Mutalifungua wenyewe tukimaliza.

Tuanze na sisi ni nani. Tuko vijana tuliomaliza masomo. Wengi wetu tulisoma pale pale nyumbani, kwenye chuo kikuu cha Kasugho cha kulinda mazingira, kile kilichozaliwa pamoja na hifadhi ya gorila ya Tayna. Wengine walisoma hapa Butembo. Tuna lisanse, tulitetea kazi zetu mbele ya walimu, wazazi walipika, watu walipiga picha. Tangu siku hiyo tunalima, tunafundisha shule ambazo hazilipi, tunabeba abiria. Lakini kuna kazi moja ambayo diplome imetupatia bila barua ya kuajiriwa: tumekuwa makarani wa komande. Mama wa AVEC akigawana akiba yake mwisho wa mwaka, anakuja na pesa ameifunga kwenye kona ya kitenge, anasema: «Mwanangu, wewe uliyesoma, nitafutie pasi ya sola kwenye hiyo telefone yako.» Mwingine anataka mashine ya kusaga matunda. Mwingine redio, mwingine jiko la umeme la sahani moja. Tunanunua mega, tunapanda pale juu penye rezo, tunaanza kutafuta. Tulisomea gorila, leo tunasomea wati na volti. Mshahara wa kazi hiyo ni «Mungu akubariki», na siku nzuri ni kuku.

Kwa hiyo tukisema tunajua uchungu wa kununua kwa mtandao, musifikiri ni mtu mmoja aliyeibiwa mara moja. Tumeagiza vitu vya watu wengi. Vingine vilifika vizuri, tena tuseme ukweli, vilifika kwa bei ambayo hakuna butiki ya karibu ingetupatia. Kuna wasichana hapa Butembo wanauza kwenye WhatsApp, wakikuambia Ijumaa ni Ijumaa. Tunawaheshimu sana. Maneno yetu leo yanahusu wengine.

Jambo la kwanza linalotuchosha ni bei iliyofichwa. Unaona picha ya frigo nzuri nyeupe, chini yake imeandikwa: «Bei ni inboksi.» Kwa nini inboksi? Bei ni siri ya jeshi? Unaandika, anakuuliza kwanza uko wapi. Ukisema Bulengera unapata bei moja. Ukisema Kasugho bei inapanda, au jibu halirudi kabisa. Tulifanya jaribio dogo: siku moja, watu wawili kati yetu waliandika kwa muuzaji mmoja juu ya pasi ile ile, mmoja akijifanya mama wa shamba mwenye kukosea maandishi, mwingine akiandika Kifaransa cha chuo kikuu. Mama wa shamba aliambiwa bei ya juu. Mukitaka kujua kwa nini tunaita jambo hili la uraia, muanzie pale.

Kisha picha. Picha moja ya frigo inazunguka kwenye kurasa tatu, kila ukurasa na bei yake, na hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyewahi kukigusa kile kitu. Wameichukua kwenye duka la China, wewe ukilipa ndipo na wao wanakwenda kukiagiza. Halafu zile nyota. Nyota tano, «mzuri sana», «nimefurahi», zote za wiki moja. Mtu aliyekinunua na kukitumia mwaka mzima haandiki.

Mutatuuliza: kwa nini musiagize wenyewe moja kwa moja? Tulijaribu. Yale maduka makubwa ya nje yanakuuliza anwani. Nchi: kuna. Jimbo: pengine. Mji: chagua. Kasugho haimo. Butembo yenyewe wakati mwingine haimo, mji wote huu na komini zake nne! Wanataka jina la barabara na namba ya nyumba, wanataka namba ya posta. Tukiwaandikia kwamba nyumba iko chini ya shule, karibu na mti mkubwa, mashine inakataa. Kisha wanataka kadi ya benki, na pesa ya mama wa AVEC iko kwenye M-Pesa au Airtel Money, kama haiko chini ya godoro. Kampala na Nairobi kuna Jumia, na mara nyingi mtu wa mjini kule anaweza kulipa kifaa kikishafika mlangoni. Sisi mlango wetu haujulikani na mashine yoyote. Ndiyo maana kila komande ya Kasugho lazima ipitie kwa mtu wa Butembo: muuzaji, ajansi, au mtu mwenye binamu yake Guangzhou. Na huyo mtu anakuwa duka, benki, posta na hakimu, peke yake.

Sasa tufike kwenye frigo.

Kwetu kuna papa mmoja, mwalimu wa zamani, amefundisha nusu ya Kasugho kusoma. Jina lake tumeliacha nyumbani, lakini yeye na familia wameturuhusu tusimulie. Ana ugonjwa wa sukari, anajidunga insilini kila siku. Wenye mgonjwa wa namna hiyo nyumbani wanajua: chupa ambayo haijafunguliwa inatakiwa kukaa kwenye baridi ya digrii 2 mpaka 8. Ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka tena haifai. Iliyofunguliwa inaweza kukaa nje ya frigo karibu wiki nne, kama mahali hapana joto sana. Kwa hiyo bila frigo, papa hawezi kuweka akiba. Kila mara lazima mtu ashuke Butembo kununua. Na barabara yetu munaijua: mvua ikinyesha siku tatu, lori linalala, pikipiki inabebwa. Na kuna majuma ambapo siyo mvua inayofunga njia, ni bunduki.

Familia imekuwa ikitumia vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, mchanga wenye maji katikati, na kitambaa kilicholowa juu. Ni akili ya wazee na inasaidia kweli, lakini haifiki digrii 8. Ndipo watoto wa papa pamoja na sisi tukachanga ili kupata frigo ndogo ya sola. Pano na bateri ya 100 Ah vilikuwepo tayari kwa ajili ya taa. Tulikaa na fundi, tukapiga hesabu, tukaandika kwa muuzaji, kwa Kifaransa kinachoeleweka: tunataka frigo ya volti 12, ya kompresa, lita 40, ni kwa ajili ya dawa. Akajibu: «Ndiyo, ni hiyo hiyo, kompresa.» Akatuma picha, na kompresa inaonekana kwa nyuma. Bei: dola 165 mpaka mkononi Butembo. Kapture zote tunazo.

Tulilipa 165, na dola 4 za kutuma pesa. Tukangoja wiki sita. Wiki ya saba ujumbe: mzigo ni mkubwa kuliko kilo zilizohesabiwa, ongezeni dola 38. Tukaongeza. Kisha: mzigo uko Kasindi, kuna dola 25 za pale. Za nini? «Za pale.» Risiti? «Mutaipata na mzigo.» Haikuja. Mzigo ukafika Butembo wakati tunatafuta hizo dola, ukalala depo siku tisa, tukalipa dola 10 za kulala. Pikipiki mpaka Kasugho dola 20, kwa sababu kartoni inachukua nafasi ya mtu. Pigeni hesabu: 262. Karibu dola mia moja juu ya bei ya «mpaka mkononi».

Hapo bado tulikuwa tunavumilia. Tulisema, basi, papa atapata frigo.

Tukafungua kartoni. Kilichokuwa ndani ni lile sanduku mutakaloliona. Halina kompresa. Ni sanduku la plastiki lenye feni, na ndani yake kisahani kidogo cha umeme ambacho upande mmoja kinapoa na upande mwingine kinapata moto. Madereva wa nje wanaliweka ndani ya gari kwa ajili ya soda ya safari. Kwa kazi hiyo siyo kitu kibaya. Lakini halijui digrii. Linapunguza tu joto la mahali lilipo, digrii 15, pengine 18. Tuliweka kipimajoto ndani. Mchana nyumba ikiwa na digrii 24, sanduku lilibakia kwenye 9. Usiku Kasugho kunakuwa na baridi. Saa kumi ya alfajiri kipimo kilisoma 0 na kilikuwa bado kinashuka. Munaelewa? Mchana dawa ingekuwa kwenye joto lililopita kipimo, usiku ingeganda. Na kwa sababu halizimiki lenyewe, linakula wati 48 saa zote 24. Hiyo ni zaidi ya wati-saa 1,150 kwa siku. Bateri ya 100 Ah ya volti 12, ukiinyonya mpaka tone la mwisho, ina 1,200, na kila fundi atakuambia usipite nusu kama unataka ikae. Kabla jua halijatoka, taa za nyumba nzima zilikuwa zimezimika.

Hatukuweka hata chupa moja ya dawa ndani. Papa amerudi kwenye vyungu vyake viwili, na kila mwezi mtoto wake mmoja anashuka Butembo.

Tukarudi kwa muuzaji. Akasema: «Picha ni ya mfano tu.» Tukamtumia maneno yake mwenyewe juu ya kompresa. Akasema kiwanda ndicho kilibadilisha. Tukamwambia basi kirudi. Akasema kurudisha China ni dola 120, tulipe sisi. Siku ya tatu akatubloka. Tukaenda kwa ajansi iliyobeba mzigo. Pale tulipokelewa na papa mmoja mwenye heshima, alitupa hata viti: «Wanangu, sisi tunabeba kartoni. Yaliyomo hatuyajui.» Tukauliza habari za zile dola 25. Akasema hizo ni mambo ya deklaran. Deklaran akasema yeye alilipiwa jumla kwa mizigo mingi, hawezi kujua yetu ilikuwa ngapi. Tukafikiri kushitaki, tukaulizwa: anwani ya mshitakiwa? Tulikuwa na namba ya telefone tu, na picha ya maua aliyoweka mahali pa uso.

Muone vizuri jinsi ilivyotengenezwa. Kila mmoja kwenye kona yake anaweza kusema hana kosa. Aliyeuza hakubeba, aliyebeba hakuuza, aliyepitisha hakuona. Pesa ilipita mikononi mwa wote, lakini hasara imekaa Kasugho peke yake, kwenye nyumba ya mwalimu.

Kuna watu watasema: ndiyo maisha ya biashara, wazee wetu pia walipoteza. Hapo tunaomba tutulie kidogo. Mji huu ulijengwa na watu wa biashara. Tangu miaka ya 1990 wafanyabiashara wa Butembo wanakwenda Dubai, Hong Kong, Guangzhou, wakati Leta ilikuwa haifanyi lolote hapa. Walifanya hivyo kwa neno la mdomo: mtu akichukua pesa yako unajua baba yake, unajua kanisa lake, unajua mlima aliotoka. Jina lake likiharibika, limeharibika kwa wote. Ile ilikuwa sheria yao na ilikuwa na meno. Telefone imetupatia biashara ile ile bila yale meno. Huyo wa picha ya maua tunajua baba yake? Akiharibu jina leo jioni, kesho anafungua ukurasa mwingine na jina lingine, na frigo ile ile.

Tena tusiwe watu wa kuonea. Tuliongea na wauzaji wengi kabla ya kuja hapa, na wao wana kilio chao. Kontena inatoka Mombasa, inapita Kenya yote na Uganda yote, zaidi ya kilometa 1,500 mpaka Mpondwe, kisha Kasindi, kisha kilometa 80 mpaka Beni, kwenye njia ambayo wote hapa tumehesabu magari yaliyochomwa. Tangu Kanyabayonga ilipoanguka mwezi wa sita 2024 na Goma mwezi wa kwanza 2025, upande wa kusini hatuutegemei tena, vitu karibu vyote vinapita mlango huo mmoja wa Kasindi. Muuzaji mmoja alituambia: «Mimi mwenyewe siwezi kukupa bei ya kweli leo, kwa sababu sijui kesho bariere ngapi zitaongezeka.» Tunamwamini. Lakini hapo ndipo tunasema: basi mzigo huo tuubebe kwa uwazi, tena pamoja. Haiwezekani asiyejua bei ni yeye, na anayelipa kutojua kwake ni mama wa AVEC.

Wengine wanatuambia: Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, sasa vitu vya Kampala havina doane. Tulisikia hiyo hata kwenye kanisa. Si hivyo. Kile kinachopata nafuu ni kitu kilichotengenezwa ndani ya nchi za Jumuiya, na kiwe na karatasi ya kuonyesha hivyo. Frigo ya China ikipitia Kampala inabakia frigo ya China. Kuna ushuru wa doane, kuna TVA ya asilimia 16, kuna OCC. Hatukatai kulipa hizo. Raia analipa kodi, na akishalipa ana haki ya kuuliza barabara iko wapi. Tunachokataa ni pesa isiyokuwa na jina.

Na kwa pesa isiyokuwa na jina sheria iko, tena ya zamani. Dekre namba 036/2002 ya tarehe 28 mwezi wa 3, 2002, inataja huduma zenye haki ya kufanya kazi mpakani. Ni nne: doane, ambayo leo ni DGDA, OCC, DGM ya uhamiaji, na huduma ya afya ya mpakani. Nne tu. Aliyekwenda Kasindi aseme alihesabu ngapi. Dekre hiyo ina umri karibu sawa na wengi wetu tulio hapa, tumekua nayo, na bado deklaran anaweza kukuambia «dola 25 za pale» na wewe ukanyamaza. Tuseme pia hivi: bila karatasi, hatuwezi hata kujua kama hizo 25 zilifika Kasindi. Pengine ziliishia mfukoni mwa aliyetuandikia. Ndiyo uzuri wa kutotoa risiti: mwizi na mtumishi wa Leta wanafanana.

Sheria ya pili ni ya juzi. Tarehe 13 mwezi wa 3, 2023, ilitoka ordonansi-sheria namba 23/010, ile inayoitwa Code du numérique. Inagusa pia biashara ya mtandaoni. Ni ndefu, ni Kifaransa kizito, na tunaweza kuweka dau kwamba wauzaji wengi wa WhatsApp wa mji huu hawajaona hata ukurasa wake wa kwanza. Wanunuzi pia. Tumeanza kuisoma Kasugho, watu sita, jioni jioni. Wenye kusoma sheria hapa chuoni tunawaomba waje watusaidie, tutoe maelezo ya Kiswahili, na ya Kinande pia, ya kusikiliza kwenye telefone, kwa sababu mama anayeagiza pasi hatasoma ukurasa 100.

Mtu asituambie haiwezekani. Munakumbuka RAM? Mwaka wa 2020 walianza kutukata inite kwenye telefone, mpaka dola 7 kwa mwaka kwa mwenye telefone ya 3G au 4G, kwa huduma ambayo hakuna aliyeiomba. Watu waliandika, waliandamana, walipeleka jambo mpaka bungeni, na mwanzoni mwa 2022 ikaondolewa. Ilianza kwa mtu mmoja mmoja kuangalia inite zake na kuuliza: hizi zimekwenda wapi? Sisi tunauliza swali lile lile juu ya dola 25.

Sasa tunaomba nini. Kwa wakubwa wa jimbo, ambao siku hizi wako hapa karibu, Beni: ubao Kasindi, na ubao kwenye kila bariere mpaka Butembo, wenye orodha ya huduma zenye haki na bei ya kila kimoja, kwa Kifaransa na Kiswahili, na risiti kwa kila faranga. Ubao ni mbao na rangi. Wakisema hakuna pesa ya rangi, vijana wa Kasugho watachanga rangi, tumeshazoea kuchanga.

Kwa wauzaji wa Butembo, ambao wengi ni vijana kama sisi, wengine wamekaa humu ndani: andika bei. Andika kama kitu unacho mkononi au unakwenda kukiagiza. Andika jina lako la kweli, na kama una namba ya RCCM iweke. Kubali mnunuzi alipe sehemu ya mwisho baada ya kartoni kufunguliwa mbele ya macho yake. Tunajua hii ya mwisho inawauma. Mulituambia: tukibakiza nusu, mtu atakataa mzigo kwa sababu amekosa pesa, na hasara inatuangukia sisi. Ni kweli, itatokea. Ndiyo maana tunapendekeza robo, siyo nusu, na robo hiyo ishikwe na mtu wa tatu ambaye pande zote mbili zinamjua. Hatusemi tumepata dawa yote. Kama mwenye biashara ana njia bora, kipaza sauti kiko pale, tutamsikiliza.

Kwa upande wetu tumeanza kitu kidogo. Kabla ya komande yoyote ya kifaa cha umeme inayozidi dola 50, tunakaa watu watatu: mmoja anayejua umeme, mmoja anayejua lugha, na mwenye pesa mwenyewe. Tunamwomba muuzaji video ya kifaa kikiwaka, na kibandiko cha nyuma chenye volti na wati. Hapana picha, video, na siku hiyo aitaje kwa mdomo. Wauzaji wawili walikasirika. Mmoja alituma, na tukanunua kwake. Huko Butembo na Beni munao mafundi wengi kuliko sisi, munao walimu wa chuo cha ufundi. Munaweza kufanya vizuri zaidi. Na juu ya papa, tunatafuta frigo ya kompresa ya kweli, ya volti 12. Mwenye kujua mahali ilipo, hapa hapa mjini, mahali tunapoweza kuiwasha kabla ya kulipa, atuambie kabla hatujapanda pikipiki. Tunaondoka saa tisa.

Kuanzia Jumatatu ukurasa wa vuguvugu utapokea risiti zenu. Pigeni picha, mufunike jina na namba ya telefone ya mnunuzi, muache tarehe, mahali na kiasi. Hatutaandika jina la mtu ambaye hatuna ushahidi juu yake, na hatutaki matusi kwenye maoni. Kama hamukupewa risiti, muandike tu mahali, tarehe, kiasi, na maneno mawili: bila karatasi. Baada ya miezi mitatu tutahesabu na kupeleka hesabu hiyo Beni, kwa miguu ya watu na kwa mikono mitupu. Mstari wa kwanza tumeshauandika wenyewe: Kasindi, dola 25, bila karatasi.